Mlio wa Gari la Mama Mkwe

"Linalia hivi," alisema mama mkwe. Akaweka pochi yake kwenye kiti cha dereva, akakohoa kidogo, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, kisha akafumba macho na kulia: "Ng'wiiiiiii... gra-gra-gra-gra... ng'wiiiiiii!"

Gereji nzima ilinyamaza. Fundi rangi wa banda la pili, aliyekuwa akipiga msasa mlango wa pikapu, alibaki na mkono hewani. Fundi mwenyewe, ambaye ndiye mkwe, aliinamisha kichwa ndani ya injini haraka sana, akajifanya kutafuta kitu. Alijiuma mdomo mpaka machozi yakamtoka.

"Hebu rudia mwisho wake, mama," sauti yake ikatoka huko chini. "Mwisho sikuupata vizuri."

"Hairudiwi. Mimi si redio."

Ilikuwa mara ya tatu kwa gari hilo kuletwa, na hata wiki tatu zilikuwa hazijatimia. Mara ya kwanza fundi alibadilisha mipira inayoshikilia injini. Mara ya pili akabadilisha mkanda na plagi zote nne. Fedha ya vipuri ilitoka mfukoni mwake, kwa sababu hakuna mkwe mwenye akili timamu anayemwandikia mama mkwe risiti. Kila mara gari liliondoka gerejini kimya kama paka, na kila mara mama mkwe alirudi baada ya siku mbili, ameketi wima nyuma ya usukani, uso umekunjamana kwa fadhaa.

Safari hii fundi aliwasha injini, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya chuma cha injini na mpini wake sikioni. Akasikiliza huku, akahamia kule. Injini ilikuwa ya zamani lakini ilipumua vizuri. Akamwita fundi rangi, wakatoka nalo barabarani hadi kituo cha mafuta na kurudi. Hakuna mlio.

"Mimi nadhani linakuogopa," fundi rangi alisema waliposhuka. "Likikuona linajikaza, kama mgonjwa akiingia kwa daktari. Ukigeuka tu, linaanza kuumwa."

"Kapige msasa wako."

"Napiga. Lakini mkweo anakutazama kwa jicho la mtu aliyeoza binti kwa hasara."

Fundi na yeye alikuwa ameliona jicho hilo.

Mama mkwe alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba nne za wageni, na tangu mwanzo wa mwezi alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote: hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, vitanda mia na ishirini, upande wa pili wa mji. Wengine waliitafuta kazi hiyo kwa barua na kwa kujuana. Yeye aliipata kwa sababu mkuu wa hosteli alilala usiku mmoja katika nyumba ya wageni na asubuhi akauliza ni nani aliyenyoosha shuka namna ile. Sharti lilikuwa moja tu, mashuka yafike kabla ya saa nne. Bila gari yasingefika. Na gari lilikuwa hilo hilo la marehemu mumewe, bluu iliyofifia, lenye umri unaokaribiana na wa binti yake wa mwisho, ambaye ndiye mke wa fundi.

"Kwa hiyo?" mama mkwe aliuliza.

"Kwa hiyo, mama, kwa sasa mlio siusikii."

"Basi nimeutunga mimi. Nimekaa nyumbani na kazi zangu zote, nikasema leo nitunge mlio."

"Sikusema hivyo, mama."

"Hukusema," alikubali, akaingia ndani ya gari. Kabla ya kuwasha aliinamisha kichwa juu ya usukani na kuomba, kama alivyofanya kila siku, midomo ikicheza bila sauti. Fundi rangi alivua kofia. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona gereji ikishindwa mbele ya Mungu waziwazi kiasi kile.


Jumanne alasiri shemeji mtu, kaka wa mke wa fundi, alifika kwa mama yake. Ndugu zake walimwita Afisa tangu alipopata kiti kinachozunguka. Hakufika peke yake. Alikuja na mzee mmoja mnene, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye aliingia uani, akasalimia kwa adabu zote, kisha akalizunguka gari polepole akilitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

Uani kulikuwa na kamba sita za mashuka. Fundi na mkewe walikuwa wamekuja kusaidia kuanua. Afisa alisimama katikati ya weupe ule na viatu vyake vinavyong'aa, akaonekana kama amepotea njia.

"Shemeji," alimwambia fundi, "niambie kwa uwazi. Wewe ni fundi au mganga? Maana mganga ndiye hutoza watu wala hawaponi."

"Sijatoza, shemeji."

"Basi afadhali mganga."

"Kaka!" mke wa fundi alisema.

"Natania. Lakini mama, tuzungumze kama watu wazima. Gari limezeeka. Linapiga kelele, jirani yako ameniambia linasikika kabla halijaonekana. Siku moja litazimika huko barabara mpya na malori yale. Mzee huyu anatoa bei nzuri. Uza, upumzike. Mimi nitakuwa nakutumia chochote kila mwezi."

Mama mkwe alikuwa ameshika pembe mbili za shuka. Alimpa pembe mbili nyingine azishike, na Afisa, bila kufikiri, akazipokea kama alivyozipokea tangu utoto. Wakalivuta. Wakalikunja kati, wakasogeleana.

"Utakuwa unanitumia," mama alisema.

"Kila mwezi."

"Kama ulivyonitumia mwezi uliopita?"

Wakakunja tena, wakasogeleana zaidi. Sasa nyuso zao zilikuwa karibu, na Afisa hakuwa na pa kutazama isipokuwa kwenye shuka.

"Mwezi uliopita kulikuwa na mambo, mama."

"Najua. Huwa yapo." Akachukua shuka lote mikononi mwake, akalibandika juu ya mengine. "Lakini umesema kweli kitu kimoja, linapiga kelele. Hata mimi naogopa. Nipe hadi Jumamosi. Mkwe akilipata tatizo, gari langu libaki. Akishindwa, funguo nitakukabidhi mwenyewe."

Mnunuzi wa vyuma akapiga teke dogo kwenye gurudumu la mbele, kwa upole, kama anayeaga. Fundi aliona macho yote yamemgeukia. Alitaka kusema neno la kiume, lakini alichosema ni, "Tutamwomba Mungu."

"Mungu tumekwisha mwomba," mama mkwe alijibu. "Sasa tunakuomba wewe."


Jambo ambalo fundi hakuwahi kulifanya ni kupanda gari hilo mama mkwe akiendesha. Haikuwa uzembe. Mama mkwe ni mtu wa heshima zake, na fundi ni mtu wa kumheshimu. Kuketi naye bega kwa bega kwenye viti viwili vya mbele, magoti yao yakikaribiana kila gia inapobadilishwa, hakukumwingia akilini. Hata alipoomba, Jumatano asubuhi, aende naye hadi hosteli, mama alimtazama kwanza kwa muda.

"Kaa nyuma," alisema.

"Nyuma kuna mashuka, mama."

"Wewe si mnene."

Kwa hiyo fundi mwenye gereji yake na miaka kumi na nne ya kazi alisafirishwa kama furushi, kati ya mafurushi mengine, magoti yakigusa kidevu, shavu moja limelalia foronya za hosteli. Kutoka hapo hakuona barabara. Alichokiona vizuri, kupitia upenyo kati ya viti viwili, ni mkono wa kushoto wa mama mkwe.

Mama aliomba, akawasha. Mkono ukaweka gia ya kwanza. Gari likasogea. Baada ya nyumba tatu mkono ukavuta gia, ikaingia ya pili, laini kabisa, bila kukwaruza. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mkono ukapanda kwenye usukani, ukakaa hapo.

Wakapita soko. Wakapita shule. Mjini magari yalikuwa mengi na hakuna aliyekwenda kasi, na injini ilinung'unika tu kidogo. Kisha wakaingia barabara mpya, ile iliyofunguliwa mwaka huu, pana, ndefu, iliyonyooka hadi hosteli. Mama akakanyaga mafuta.

"Ng'wiiiiiii," gari likaanza.

Fundi aliutazama mkono. Mkono haukusogea.

"Ng'wiiiiiiiiiii!" Chini ya miguu yake bati la kukinga moto wa ekzosi, lililolegea skrubu moja, likajibu: gra-gra-gra-gra. Gari zima lilitetemeka. Foronya ziliteleza zikamwangukia kichwani. Lori la mchanga likawapita likipiga honi, dereva wake akiwa ametoa kichwa dirishani kuangalia ni kitu gani kinachinjwa.

"Umelisikia?" mama mkwe alipiga kelele kwa furaha. "Umelisikia sasa? Nimeutunga?"

"Nimelisikia, mama!"

"Nilijua! Nilijua siko peke yangu! Ni nini?"

Fundi aliondoa foronya usoni. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umekaa kwenye usukani, umetulia, kama usiodaiwa kitu. Kile kirungu cha gia kilikuwa kimelika kwa kiganja cha marehemu hata namba zake zikafutika. Mbele yake mwanamke wa miaka sitini na moja, aliyelea watoto watatu kwa sabuni na pasi, alikuwa akiendesha kilomita sitini kwa saa kwa gia ya pili.

"Mwanangu, nakuuliza, ni nini?"

"Ni kitu cha ndani, mama," fundi alisema. "Cha ndani kidogo."


"Cha ndani!" Mkewe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Walikuwa jikoni, watoto wamekwisha kula. "Ukamwambia ni cha ndani!"

"Ulitaka nimwambie nini? Mama, tatizo ni wewe?"

"Mipira ya injini, mkanda, plagi nne. Mimi nikilia ng'wiii utaninunulia nini?"

"Na wewe umepanda gari lile miaka minne. Hukuona?"

"Nimepanda mpaka sokoni. Na mimi gia naijulia wapi? Nilidhani gari la mama ndivyo linavyoongea." Akafuta macho kwa kanga. Kisha kicheko kikamwishia ghafla, akaketi kwenye kigoda. "Ngoja. Baba ndiye alikuwa akimfundisha. Jumapili, Jumapili, uwanja wa mpira, sote tunakatazwa kwenda kutazama. Halafu akalazwa." Akahesabu kwa vidole, mdomo ukitembea. "Haikufika hata wiki ya tatu."

"Na leseni?"

"Si walimpima palepale uwanjani, kuzunguka mapipa. Kwenye mapipa, gia ya tatu ya nini?"

Sufuria ilichemka peke yake.

"Kaka asijue," mkewe alisema mwishowe. "Ukimwambia kaka, itakuwa hadithi ya kila harusi na kila msiba mpaka tuzikwe. Na gari atalichukua siku hiyo hiyo. Atasema, mnaona, hajui hata kuendesha."

"Jumamosi atauliza tatizo lilikuwa nini."

"Sema chochote. Wewe ndiye fundi."

"Ndiyo, na kesho nitamwambia nini mama?"

Mkewe alifikiri. "Mwambie polepole," alisema, "na uwe karibu na mlango."


Alikesha akitunga, na Alhamisi asubuhi, walipofika uwanja wa mpira kwa kisingizio cha kulipima gari sehemu tambarare, alikuwa na hotuba yake tayari. Alisimama nje ya dirisha la dereva, mikono nyuma, kama anayetoa ripoti.

"Mama, nimegundua. Magari ya zamani kama hili, gia zake za juu, ya tatu, ya nne, zisipotumika sana hulala. Zikilala, mafuta hayafiki. Mafuta yasipofika, ndiyo huo mlio. Kwa hiyo dawa yake ni kuziamsha. Kidogo kidogo. Ya tatu asubuhi, ya tatu jioni."

"Kabla ya chakula au baada?"

"Mama?"

"Naulizia dawa." Mama mkwe alikuwa akitazama mbele, kwenye magoli yasiyo na nyavu. "Mwanangu, wewe ni mtu mzuri, nami sikulijua hilo siku unakuja kuoa. Lakini uongo huuwezi. Uache. Utaumia."

Fundi akatazama viatu vyake.

"Umeona jana, ukiwa huko nyuma."

"Nimeona, mama."

"Nilijua umeona. Ulinyamaza kama mtu aliyeingia chumba cha watu." Akashika kirungu cha gia, akakizungusha kiganjani bila kukisogeza. "Baba yenu alisema, Jumapili hii ya kwanza. Jumapili ijayo ya pili. Ya tatu na ya nne ni ndugu, nitakufundisha pamoja, Jumapili inayofuata. Ilikuwa Jumamosi wakamlaza. Hospitali, kila nikiingia, ananiambia, bado tuna Jumapili yetu. Sasa mimi, akishaondoka, nimwambie nani anifundishe? Nikamwambie kijana wa chuo cha udereva, samahani, nina miaka karibu sitini, nina leseni, nimefika ya pili?" Akacheka kidogo. "Mjini ya pili ilinitosha. Hata nikasema, ndiyo niliyopewa, niitumie hiyo. Barabara mpya ndiyo imenitia aibu."

"Kwa hiyo mlio ulijua unatoka wapi?"

"Nilikuwa na wasiwasi nao. Lakini nilimwomba Mungu uwe ugonjwa wa gari."

Fundi alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akasimama hapo bila kuingia. Mama mkwe alitazama kiti kitupu. Akaondoa pochi yake juu yake.

"Ingia," alisema. "Watu wakisema, waseme."

Aliomba kwanza, na safari hii kwa sauti. "Mungu wangu, mbili ulinivusha mwenyewe na mume wangu. Hizi nyingine nivushe na huyu uliyenipa. Na ukuta ule wa choo cha uwanja uulinde. Amina."

"Amina," fundi alisema, kwa moyo wote.

Kufundisha kulikuwa rahisi kusema kuliko kutenda. Fundi hakuwahi kumwamuru mama mkwe jambo lolote maishani, na adabu zake zilichukua nafasi kubwa mno kwenye sentensi.

"Sasa, mama, ukiona vyema, naomba kwa heshima ukanyage klachi, na baada ya hapo, kama hutajali, uwanja unaelekea kwisha, ningeomba—"

Gari lilisimama hatua mbili kutoka ukuta wa choo. Wote wawili walihema.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "ukuta ukija, heshima iweke mfukoni. Sema breki."

"Breki, mama."

"Sasa umechelewa."

Kufikia mzunguko wa tisa mkono ule wa kushoto ulitoka kwenye usukani wenyewe, ukaenda, ukasukuma mbele na kulia. Injini ikashusha pumzi. Mlio ukakatika katikati. Mama mkwe alishtuka akadhani limezimika.

"Limekufa?"

"Hapana, mama. Limepumzika."

Aliliendesha hivyo mizunguko mitano zaidi, na fundi akatazama dirishani upande wake, kwa sababu mama mkwe alikuwa akilia, na hilo halikuwa somo lake.


Jumamosi saa mbili Afisa alifika na mnunuzi wake. Bati la ekzosi lilikuwa limekazwa. Fundi alikuwa amevaa shati safi. Mkewe alimnong'oneza, "Sema chochote," akabaki uani na mashuka.

Afisa aliketi mbele. Nyuma aliketi mnunuzi wa vyuma, aliyechukua viti viwili, na fundi, aliyechukua kilichobaki. Mama mkwe aliinamisha kichwa juu ya usukani. Afisa akatazama saa yake. Mnunuzi, kwa mshangao wa wote, akaitikia amina.

Kwanza. Pili. Soko. Shule. Barabara mpya ikafunguka mbele yao, na fundi akajikuta anakanyaga klachi isiyokuwepo. Mkono ukaenda. Ukasukuma mbele, lakini ukapitiliza kulia, ikaingia ya tano. Gari likatetemeka kama lenye homa, likajikwaa, likazimika katikati ya barabara. Nyuma honi zikalia.

"Mama!" Afisa alipiga kelele. "Hiki ndicho ninachokisema! Hiki hasa!"

Mama mkwe aliwasha upya. Kwanza. Pili. Vidole vyake vikatafuta polepole, kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Tatu. Injini ikatulia. Akangoja kidogo. Nne. Upepo ukasikika madirishani, na magurudumu kwenye lami, basi. Lori la mchanga liliachwa nyuma.

Wakaenda kilomita nzima. Afisa alitega sikio chini, akatega pembeni.

"Limepona," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa. "Shemeji, kumbe lilikuwa nini?"

"Kosa langu, shemeji," fundi alisema. Hili alilifanyia mazoezi. "Nilifunga mkanda vibaya. Ndio uliokuwa ukilia."

"Mkanda! Wiki tatu unamzungusha mama mzima kwa mkanda? Nilisema. Nilimwambia mke wangu, huyu gereji yake ni banda la kunywea chai. Mtu anafunga mkanda vibaya, anabadilisha injini nzima, halafu anatuambia tumwombe Mungu! Mzee, wewe wa vyuma, umewahi kusikia?"

Mnunuzi alitazama nje. Fundi alitabasamu kwa taabu, masikio yakiwaka moto.

Mama mkwe aliwasha taa ya kushoto. Akapunguza, nne, tatu, pili, akatoka pembeni ya barabara, akavuta breki ya mkono. Akamgeukia mwanawe.

"Mkanda ulikuwa mzima," alisema. "Nilikuwa mimi. Baba yako alinifundisha mpaka ya pili, akafa. Miaka minne nimeendesha gari hili kwa gia mbili. Shemeji yako amenifundisha nyingine Alhamisi, bure, na sasa anakudanganya ili usinicheke. Basi cheka, umalize."

Hakuna aliyecheka.

"Miaka minne, mama?" Afisa alisema taratibu. "Mbona hatukujua?"

"Mngejuaje? Ukija, unakuja na lako. Ungepanda langu siku moja tu, mpaka barabara kubwa, ungejua."

Malori yalipita. Afisa alivuta mkanda wa kiti, akauachia, akauvuta tena. Aliyevunja kimya ni mnunuzi wa vyuma, kutoka viti vyake viwili.

"Mama, mimi pikapu yangu siwezi kuirudisha nyuma," alisema. "Mwaka wa kumi na moja huu. Naegesha pale tu ambapo nitatokea mbele. Kuna wateja nimewapoteza kwa sababu ya uchochoro." Akajifuta jasho. "Gari hili si la kuuzwa. Nirudisheni, na mkwe huyu anipe namba yake."


Saa tatu kasoro walianza kupakia. Fundi alibeba, mkewe alihesabu, mia na ishirini na mawili ya akiba. Afisa alisimama kando ya gari lake mwenyewe, funguo mkononi, akizichezea. Kisha akazitia mfukoni, akachukua furushi kutoka mikononi mwa fundi.

"Shemeji," alisema, akilitazama furushi, "lile la banda la chai."

"Chai kweli huwa tunakunywa," fundi alijibu.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kaa kwenye usukani. "Kwa nini mnaniangalia? Saa nne haingoji. Anayekwenda kunishushia mizigo apande."

Afisa akapanda nyuma, viatu vyake na yote, akajibana kati ya mashuka. Kichwa kiliinama juu ya usukani, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kichwa kingine kikainama nyuma yake. Gari likatoka getini.

Fundi alibaki amesimama kwenye vumbi, kiganja sikioni. Aliisikia ya kwanza. Aliisikia ya pili, ikipanda, ikipanda, mpaka kwenye kona ya mwisho wa mtaa, pale ambapo kila siku jirani walifunga madirisha. Akashika pumzi.

Mkewe alikuja akasimama karibu naye, akiwa na foronya moja iliyosahauliwa.

"Vipi?" aliuliza. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu," alisema fundi, na bado hakuondoa mkono sikioni.